SOMO: PICHA YA TEZI DUME, TUJUE KAMA ILIPIGWA VIZURI

Harambee ya matibabu sio jambo geni katika vikundi vyetu. Mzee anakojoa kwa shida, kipimo cha damu cha PSA kinaonekana kiko juu, daktari anamwandikia picha ya MRI. Kikundi kinachanga, mzee anapelekwa mjini na kurudi na bahasha kubwa. "Hakuna kitu," anaambiwa. Watu wanamshukuru Mungu. Katika somo hili tunaomba mjifunze kuuliza jambo moja zaidi: je, picha yenyewe ilitoka vizuri?

Tezi dume iko chini ya kibofu cha mkojo. Ikikua kwa sababu ya umri, si lazima iwe saratani, na PSA hupanda kwa sababu nyingi. Njia ya zamani, ambayo bado inatumika kwingi, ni kuchoma sindano 10 au 12 kutoa vinyama vya kupima, bila kujua hasa ugonjwa uko upande gani. MRI hutumia sumaku kubwa, haina miali kama eksirei, nayo humwonyesha daktari mahali pa kuchoma. Huko Uingereza, utafiti wa PROMIS uliochapishwa mwaka 2017 ulipima wanaume 576. Kwa kila 100 waliokuwa na saratani kali, MRI ilitambua 93, na sindano za njia ya zamani zikatambua 48.

Lakini picha za utafiti ule zilisimamiwa kwa makini sana. Picha yenye ukungu haiwezi kutoa matokeo kama hayo. Ni kama kutafuta sindano nyumbani kwa koroboi inayozimika: usipoiona, huwezi kuapa ati haimo.

Kwa hiyo madaktari wana alama mbili, na ni rahisi kuzichanganya. PI-RADS, kutoka 1 hadi 5, husema shaka ya saratani ni kubwa kiasi gani. Alama ya pili, PI-QUAL, ilianza 2020 na hupima picha yenyewe. Tangu 2024 ina ngazi tatu: 1 picha haifai, 2 inakubalika, 3 ni nzuri kabisa. Mzee mwenye PI-RADS ya chini kutoka picha isiyofaa hajaambiwa kwamba yuko salama. Hapo ndipo tunapoogopa, kwa maana anaenda nyumbani na kukaa miaka bila kurudi hospitali.

Picha huharibiwa na nini? Mara nyingi ni hewa na choo kwenye utumbo wa nyuma, ulio karibu kabisa na tezi. Mzee aende choo kabla ya kuingia, na afuate anavyoelekezwa kuhusu chakula. Akitikisika, picha inachafuka. Chuma kwenye nyonga pia huleta shida. Kama alishachomwa sindano za kutoa vinyama, ni vizuri zipite angalau wiki 6, maana damu iliyobaki humchanganya msomaji. Mwenye kifaa cha moyo au ugonjwa wa figo aseme mapema, wala asione haya.

Nguvu ya sumaku iwe Tesla 1.5 au 3. Kuhusu dawa ile ya kudungwa mshipani wakati wa picha, utafiti wa PRIME wa mwaka 2025 ulionyesha kwamba inaweza kuachwa, mradi picha nyingine ziwe safi. Hiyo inaweza kupunguza gharama, lakini uamuzi ni wa daktari.

Kabla ya kulipa, mwakilishi wa kikundi apige simu: mnapiga picha za tezi dume mara kwa mara? Daktari anayezisoma amezizoea? Mtaandika PI-RADS na ubora wa picha kwenye ripoti? Bima yetu ya SHA italipa kiasi gani? Ubora ukiwa 1, mrudishieni daktari aliyemtuma aamue kama irudiwe. Pia ombeni picha zenyewe kwenye CD, sio karatasi peke yake.

Maswali ya kujadili: Nani katika kikundi chetu anaweza kumsindikiza mzee na kuuliza maswali haya bila woga? Na picha ikihitaji kurudiwa, pesa zitatoka wapi?