Kuchagua Chuo cha Ubingwa wa Udaktari
Daktari anayetaka kusomea ubingwa huanza kwa kuulizia jina la chuo. Swali lenye uzito zaidi ni wagonjwa gani atakaowakuta huko, kwani ubingwa husomwa wodini. KCMC, Moshi, ina kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi. Bugando, Mwanza, hupokea wagonjwa wa kichocho kutoka mwambao wa Ziwa Victoria. Muhimbili imepakana na taasisi za moyo na mifupa. Awaulize pia wanafunzi waliopo: je, hupasua wenyewe wakisimamiwa, au hutazama tu? Aliyetazama tu atajifunzia kwa mgonjwa wake wa kwanza wilayani. Ada na umbali wa familia vihesabiwe, ila baada ya hayo.