Ini la Panya na Ini la Binadamu

SWALI: Bwana mtaalamu, nasikia kemikali za vikaango visivyogandisha huharibu ini la panya. Je, sisi walaji wa samaki huku tuwe na khofu? – Msomaji, Mahege, Kibiti.

JIBU: Ndugu yangu, yakini ni kwamba panya alishwaye PFOA, asidi yenye florini iliyokuwa ikitumika kutengenezea vikaango hivyo, huvimba ini kwa siku chache tu, kwa kuwa asidi hiyo hujifananisha na mafuta, na ini, likidhani limeletewa kazi, huzidisha vimeng'enya vya kuyaunguza. Kwa binadamu taathira hiyo ni dhaifu. Lakini tusifurahi upesi, kwani panya jike hutoa nusu ya asidi hiyo kwa mkojo katika saa chache, na dume katika siku kadhaa, ilhali sisi hutuchukua miaka 2 hadi 4.

Ama kuhusu samaki, upande wa Kenya, katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria, wataalamu waliikuta PFOA katika sangara na sato, na kiasi chake katika ini kikazidi kile cha mnofu. Kwa hiyo kula samaki wako kwa raha, ila ini lake usilifanye kitoweo cha kila siku. Kikaango hakinitii wasiwasi sana. Maji machafu ya viwandani na povu la kuzimia moto ndiyo yanayonitia, ijapokuwa PFOA iliingizwa katika Mkataba wa Stockholm, unaodhibiti kemikali sumu zisizooza upesi, mwaka 2019.