Jinsi nilivyosoma magonjwa ya akili kwa ajili ya usaili wa Ustawi wa Jamii

Ukiwa huku Ilemba, bondeni chini ya milima ya Ufipa, kwa usaili wa mchujo wa Afisa Ustawi wa Jamii unajiandaa mwenyewe: simu, daftari na madesa ya chuo. Mada iliyokuwa ikinipiga chenga ni magonjwa ya akili. Mbinu hizi ndizo zilizonivusha.

1. Shika muda kabla ya majina. Dalili hufanana sana. Muda ndio unaotenganisha. Kwa mwongozo wa Marekani, DSM-5, sonona ni wiki 2 zenye dalili 5 kati ya 9, mojawapo ikiwa huzuni au kukosa hamu. Mania ni wiki 1. Kiwewe baada ya tukio la kutisha huhesabiwa kikipita mwezi 1. Skizofrenia ni miezi 6. Lakini kwa ICD-11 ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, ni mwezi 1. Kwa hiyo angalia kwanza swali limetaja mwongozo upi.

2. Mwili kwanza. Mtu ameanza kuweweseka jana, ana homa? Fikiria malaria kali. Mlevi ameacha pombe ghafla, anatetemeka na kuona vitu? Hiyo ni dharura ya hospitali.

3. Jitungie visa vya kwenu. Nilikuwa naandika kisa cha mvuvi wa Ziwa Rukwa anayesema amerogwa, kisha najiuliza: analala? Anakula? Anaenda ziwani? Anasikia sauti? Anataka kujiua? Kusema "nimerogwa" peke yake si dalili ya ugonjwa, kwa sababu imani ya jamii nzima haihesabiwi kuwa wazimu wa mtu mmoja. Usimcheke, wala usiishie hapo.

4. Jua mipaka yako. Afisa ustawi haandiki dawa. Anatathmini, anaishirikisha familia, anatoa rufaa, anafuatilia. Swali likiwa na hatari ya kujiua, jibu la usalama hutangulia mengine yote. Pitia pia Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na ujue kuwa hospitali ya taifa ya magonjwa haya ni Mirembe, Dodoma.

Usikariri orodha, ndugu yangu. Chukua kisa kimoja leo jioni, kiandike, kisha mpe mwenzako akuulize maswali.