Tosheka na Kilicho Jikoni Mwako

Masomo: Wafilipi 4:10-19, Hesabu 11:4-6, Yohana 21:1-17
Andiko la kukariri: 1 Timotheo 6:6

UTANGULIZI

Kwa wale ambao hamkuwa nasi Jumapili, nilianza na ushuhuda. Mke wangu ameniruhusu niutoe, kwa hivyo msiende kumuuliza maswali mkitoka kanisani.

Mwaka jana binti yetu alitimiza miaka 7. Mtoto wa jirani alikuwa amefanyiwa sherehe kubwa, keki na baluni, picha zikajaa kwenye simu za plot nzima. Nikajiambia, wangu naye hatapungukiwa. Mfukoni sikuwa na kitu. Nikakopa shilingi 3,000 kwa simu, na kabla sijamaliza chai pesa zikawa zimeingia. Sikumwambia mama watoto. Keki ikaliwa, picha zikapigwa, tukalala.

Siku ya kulipa ikafika nikiwa sina. Wenye pesa zao wakampigia mke wangu. Hivyo ndivyo alivyojua, kwa mdomo wa mtu asiyemjua. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Keki ilikuwa tamu. Lakini si ungeniambia, ningepika mandazi."

Deni tulililipa na pesa za stima. Jumamosi jioni tokeni zikaisha, nyumba ikawa giza. Tukawasha mshumaa na jiko la makaa. Mama akakanda unga, akatia iliki kidogo, watoto wakagombania kukata. Tukala mandazi ya moto na chai ya tangawizi, vitendawili vikaanza, na mimi nikashindwa na mtoto wa darasa la pili. Akienda kulala binti yangu akaniuliza, "Baba, hata kesho tutazima stima?"

Alidhani tumezima kwa kupenda! Swali hilo lilinihubiria kuliko mahubiri mengi niliyowahi kusikia. Keki ya deni hakuitaja. Giza lile ndilo aliloliomba tena.

1. KURIDHIKA HUJIFUNZWA

Paulo anawaandikia Wafilipi akiwa katika vifungo. Hana kwake na hajui kesho yake. Lakini anasema amejifunza kuwa radhi katika hali yoyote. Angalia hilo neno, amejifunza. Hakuzaliwa nalo. Wala hakuwekewa mikono akaanguka, akaamka ameridhika. Alilipata polepole, kama mwanafunzi.

Na shule yake ilikuwa na madarasa mawili, la kupungukiwa na la kuwa na tele. Wengi wetu tunafikiri ni maskini peke yake anayehitaji somo hili. Hapana. Mtu anaweza kuwa na eka kumi na akose usingizi kwa sababu jirani ana kumi na moja.

Ndiposa tusome mstari wa 13 pamoja na mistari iliyoutangulia. Tunaupenda sana, tunaubandika hadi kwenye matatu, kana kwamba ni ahadi ya kushinda kila kitu tunachokitaka. Paulo anazungumza juu ya nguvu za Kristo zinazomwezesha mtu kukosa bila kupoteza furaha, na kushiba bila kumsahau Mungu.

2. TAMAA HUSAHAU BEI

Katika Hesabu 11 Waisraeli wamechoka na mana. Wanalia wakikumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti, vitunguu na vitunguu saumu. Wanasema hata walikuwa wakila samaki bure. Bure? Jamani, walikuwa watumwa! Walilipa kwa migongo yao, na watoto wao wa kiume waliamriwa watupwe mtoni. Kutoka 1 inatuambia hivyo.

Ndivyo tamaa inavyofanya kazi. Inakumbuka ladha, inasahau bei. Mimi picha za keki bado ninazo. Lakini hakuna picha ya zile usiku nilizokuwa nikiruka simu inapolia. Ukiona maisha ya mwenzako kwenye simu, unaona matango na matikiti. Alicholipa hukioni.

Sisemi kila mkopo ni dhambi. Kuna mtu amekopa akanunua mbegu, mwingine akampeleka mzazi hospitali. Jiulize, ninakopa kwa sababu ya hitaji, au kwa sababu ya macho ya watu? Na swali la pili, mbona ninaficha?

3. YESU ALIPIKA

Fungua Yohana 21. Bwana ameshinda mauti. Wanafunzi wamevua usiku kucha bila kupata kitu. Alfajiri, kwa neno lake, wavu unajaa samaki wakubwa 153. Lakini wanapofika nchi kavu, wanakuta tayari kuna moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Mfalme wa wafalme amewaandalia wavuvi wenye njaa kiamsha kinywa cha kawaida cha pale ziwani!

Sasa linganisha na Yohana 18:18. Petro alipomkana Bwana alikuwa amesimama akiota moto wa makaa. Hapa anaitwa tena kwenye moto wa makaa. Anakula kwanza. Ni baada ya kula ndipo Yesu anamuuliza kama anampenda, na anamkabidhi kondoo wake. Mahali pa kurekebisha lililovunjika palikuwa kando ya jiko.

Nyumba yangu pia ilirekebishwa hapo. Usiku ule wa mandazi, watoto walipolala, nilimweleza mke wangu madeni yote, maana kulikuwa na mengine mawili asiyoyajua. Tulilia, tukaomba, tukapanga jinsi ya kulipa. Sidhani ningeweza kusema hayo mbele ya keki. Mithali 15:17 inatufundisha kwamba mboga za majani penye upendo zinashinda ng'ombe aliyenona penye chuki. Leo tungesema, heri sukuma wiki na amani.

TAHADHARI

Somo hili lisitumiwe vibaya. Usimwambie mwenye njaa "ridhika" halafu ufunge mlango wako. Yakobo 2:15-16 inakemea jambo hilo. Usimnyime mfanyakazi mshahara wake ukimhubiria kutosheka. Na kijana asiitumie kama sababu ya kulala hadi saa nne. Paulo aliyeridhika alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake, na Wafilipi walipomtumia msaada aliupokea kwa shukrani. Kuridhika hakukatazi kuomba msaada. Kunakuweka huru kuuomba bila kujifanya.

MATENDO YA WIKI HII

Chagueni jioni moja, simu ziwekwe kando. Pikeni pamoja kilichopo, iwe githeri, viazi vitamu au uji. Kila mtu, hata mtoto, ataje kitu kimoja anachomshukuru Mungu kwacho.

Pelekeni sahani moja kwa jirani, hasa anayeishi peke yake.

Kabla ya kukopa kwa ajili ya sherehe, nguo au mgeni, ngoja siku tatu na umwambie mwenzi wako au ndugu unayemwamini. Kama una deni la siri, lisimalize wiki likiwa siri.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Kati ya madarasa mawili ya Paulo, kupungukiwa na kuwa na tele, ni lipi linalokushinda zaidi? Kwa nini?
2. Ni "matango ya Misri" gani unayoyatamani, na bei yake ilikuwa nini?
3. Ni raha gani ndogo mliyokuwa nayo nyumbani zamani ambayo mmeiacha? Mnaweza kuirudisha vipi?

OMBI

Baba, tunakushukuru kwa unga uliopo, makaa yaliyopo na watu waliopo. Utusamehe tulipotaka kuonekana kuliko kupendana. Uwape chakula wasio nacho, na ututume sisi tukipeleke. Waliofungwa na madeni uwafungulie njia, na uwape ujasiri wa kusema kweli nyumbani. Keti nasi jikoni mwetu. Katika jina la Yesu, Amina.