Kufunga Tabo kwenye 1HZ: Mwongozo kwa Fundi na Mwenye Pikapu

Injini ya 1HZ, ile ya dizeli iliyomo kwenye pikapu nyingi za Land Cruiser, imeundwa kufanya kazi bila tabo. Ina silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sisi 4,164, na kompresheni ya takriban 22 kwa 1. Nguvu yake ni kama farasi 130 tu, kidogo kwa injini ya ukubwa huo, na ndiyo sababu hudumu miaka na miaka. Ila dereva anayepandisha mlima wa Kitonga na mzigo wa tani moja, malori yakimpigia honi kwa nyuma, haishii kulalamika. Anakuja gereji kuulizia tabo.

Inafungika. Lakini Toyota wenyewe walipotaka injini ya tabo katika ukoo huu hawakuichukua 1HZ kama ilivyo. Walitengeneza 1HD-T, wakashusha kompresheni hadi 18.6 kwa 1 na kuifanya dizeli ipuliziwe moja kwa moja juu ya pistoni. Tofauti hiyo ndiyo inayokuwekea mpaka. Kwa 1HZ ambayo ndani haijabadilishwa kitu, msukumo wa tabo usipite baa 0.5 hadi 0.6. Anayemwahidi mteja baa 1 anauza silinda hedi ya mtu mwingine.

Anza na afya ya injini. Pima kompresheni ya silinda zote 6 injini ikiwa ya moto. Tofauti kati ya silinda moja na nyingine ikizidi baa 5, au injini ikipumulia kwa nguvu kwenye mdomo wa kujazia oili, kazi yako ya kwanza ni kufungua injini, na mteja aambiwe hivyo kabla hajanunua kitu. Nozeli zipelekwe kwa fundi wa pampu zikapimwe: nozeli inayotiririsha badala ya kupulizia huunguza pistoni hata pasipo tabo. Rejeta izibuliwe, timing belti iangaliwe. Gari linalochemsha sasa litachemsha zaidi.

Katika ufungaji wenyewe, panapoharibika mara nyingi ni kwenye njia ya oili. Shafti ya tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Bomba la kuingizia liwe jembamba na lenye presha. La kurudishia liwe pana, literemke moja kwa moja hadi sampu bila kupinda wala kupanda popote, na liingie juu ya usawa wa oili. Likijikunja hata kidogo, oili hujaa ndani ya tabo, hupenya kwenye sili, na gari huanza kutoa moshi wa bluu. Hapo utaambiwa tabo ni mbovu, ilhali kibovu ni bomba. Kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza, mimina oili safi kwenye tundu la kuingizia, kisha zungusha injini kwa stata huku dizeli imekatwa mpaka taa ya presha ya oili izime.

Bomba la eksozi la kiwandani ni jembamba mno kwa tabo. Weka la inchi 3 kuanzia kwenye tabo hadi nyuma. Filta ya hewa iwe mpya na boksi lake lisivute vumbi pembeni, kwa sababu mchanga unaoingia hula mapanga ya tabo kwanza, kisha silinda. Intakula ya kupoza hewa ya tabo si lazima kwa msukumo mdogo, ila kwa gari la mizigo ninaishauri.

Sasa kupima. Funga geji mbili: ya msukumo wa tabo, na ya joto la moshi. Hii ya pili wengi huikwepa kwa sababu ya bei, nayo ndiyo inayoilinda injini. Kitambuzi chake kikae kwenye manifoldi, kabla ya tabo. Usitoboe manifoldi ikiwa bado kwenye gari. Ifungue, maana chembe moja ya chuma inatosha kuvunja mapanga.

Fundi aliyezoea petroli hapa huteleza. Kwenye petroli, mafuta yakipungua joto hupanda. Dizeli ni kinyume: dizeli ikizidi hewa, joto hupanda na moshi huwa mweusi. Hivyo hewa iingie kwanza, dizeli ifuate. Kwenye pampu ya dizeli ya 1HZ, aina ya VE, skrubu ya mzigo kamili iko nyuma, karibu na mabomba ya nozeli. Legeza nati yake, ingiza skrubu robo ya robo ya mzunguko, kaza nati, kisha rekebisha mngurumo wa injini bila gia, kwa kuwa nao utapanda. Nenda ukajaribu barabarani. Jaribio lifanyike na mzigo, kwenye mlima mrefu, mtu wa pili akisoma geji. Kuvumisha injini uani hakuonyeshi chochote. Kwa mwendo wa kupanda mfululizo joto lisipite nyuzi 650 za Selsiasi, na likigusa 700 dereva apunguze mafuta na kushusha gia. Aluminiamu yenyewe huyeyuka kwenye 660, na pistoni, ambazo ni za aluminiamu, hudumu tu kwa sababu oili na maji huondoa joto. Kwenye hedi ya 1HZ, nyufa hutokea kati ya vali. Joto likivuka kipimo, rudisha skrubu, hata kama mteja anasema gari lilikuwa tamu zaidi.

Mwinuko wa mahali nao uhesabiwe. Dar es Salaam hewa ina baa 1, ukiongeza 0.5 ya tabo unapata 1.5. Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa yenyewe ni kama 0.82, na jumla haifiki 1.35. Pampu hii ya kawaida haina kifaa cha kupima msukumo wa tabo, kwa hiyo humwaga dizeli ileile. Gari lililopangwa Pwani bila moshi litatoa moshi mweusi Mbeya, joto likiwa juu. Lipange kwa hewa ya mahali pa juu kabisa linakokwenda.

Dereva aelezwe: oili kila kilomita 5,000, na baada ya mlima injini iachwe ingurume dakika mbili kabla ya kuzimwa. Aelezwe pia kwamba breki, springi na uzito ulioandikwa kwenye kadi ya gari havijaongezeka. Na mwenye gari akikataa kulipia geji ya joto, usimfungie tabo.