Kiti cha Kusafishia Damu

Mtu aingiaye kwa mara ya kwanza katika chumba cha kusafishia damu huvutwa macho na mashine: taa zake, mirija iliyojaa damu, na pampu ndogo izungukayo bila kupumzika. Mgonjwa mzoefu hatazami huko. Yeye hutazama kwanza kiti. Hutaka kujua kama ni kile kile alichokalia juzi, kama mgongo wake unalala vizuri, kama kiko upande unaoufaa mkono wake, na kama hakikabiliani na feni. Si jambo geni mgonjwa kufika mapema kuliko zamu yake ili tu asikute mwingine amekwisha kukaa mahali alipopazoea.

Tabia hiyo yaweza kudhaniwa kuwa ni ubishi wa mtu aliyechoshwa na maradhi. Sivyo. Kiti hicho kimebeba sehemu kubwa ya fizikia na bayolojia ifundishwayo katika shule za sekondari, na zipo nyakati ambapo uhai wa mgonjwa hutegemea kasi ya kukilaza.

Figo za mtu mwenye afya hufanya kazi saa 168 kwa juma, usiku na mchana. Huchuja maji ya damu yapatayo lita 180 kila siku, zikayarudisha karibu yote mwilini, na kuacha lita moja au mbili tu zitoke kama mkojo. Figo zikifa, yurea, potasiamu na maji hujikusanya mwilini. Mashine ya kusafisha damu hujaribu kuifanya kazi hiyo ya juma zima kwa muda wa saa 12 tu: kwa kawaida saa 4 kwa siku, siku 3 kwa juma. Mgonjwa asiyekosa hata siku moja hukaa kitini saa 624 kwa mwaka, yaani siku 26 kamili za mchana na usiku. Ni watu wachache wawezao kuvumilia kukaa hivyo juu ya kigoda.

Kanuni ya mashine yenyewe ni nyepesi. Damu hutolewa mkononi na kupitishwa katika kichujio chenye maelfu ya nyuzi nyembamba zilizo wazi katikati. Nje ya nyuzi hizo hupita maji yaliyotiwa chumvi kwa kipimo maalumu, yakielekea upande ulio kinyume na mwendo wa damu. Kuta za nyuzi ni utando wenye vitundu vidogo mno. Yurea hupita kutoka kwenye damu, ambako ni nyingi, kwenda kwenye maji, ambako haipo; chembe za damu na protini, kwa kuwa ni kubwa, hubaki. Damu ikipita kwa kiasi cha mililita 300 kwa dakika, basi kwa muda wa saa 4 zitakuwa zimepita lita 72. Mwili wa mtu mzima una damu ya lita 5 hivi. Kwa hiyo damu ile ile huzunguka kichujioni zaidi ya mara 14.

Hapo mwanzo hapakuwa na kiti. Daktari Willem Kolff alipotengeneza figo bandia katika mji wa Kampen, Uholanzi, mwaka 1943, wakati nchi yake ikiwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani, alizungusha mrija wa selofeni, wa aina iliyotumika kutengenezea soseji, juu ya pipa la mbao lililozunguka ndani ya beseni la maji ya chumvi. Mgonjwa alilala kitandani kando ya chombo hicho kikubwa, hali yake ikiwa mahututi. Wengi wa wagonjwa wake wa kwanza walikufa. Mwaka 1945 mama mmoja mwenye umri wa miaka 67 alipona. Hata hivyo, mshipa uliotobolewa haukuweza kutumika tena na tena, na kwa sababu hiyo tiba ilikuwa ya siku chache tu. Mwaka 1960, mjini Seattle, Marekani, Daktari Belding Scribner aliweka mkononi mwa mgonjwa mrija wa tefloni uliobaki hapo siku zote. Mgonjwa huyo, Clyde Shields, aliishi miaka 11 zaidi. Kituo kilichofunguliwa mjini humo mwaka 1962 kilikuwa na vitanda vitatu, na wagonjwa walilala humo usiku wakisafishwa damu. Mwaka 1966 madaktari wa New York, Brescia na Cimino wakiwa miongoni mwao, walitangaza njia bora zaidi: kuunganisha ateri na vena za mkono chini ya ngozi, ili vena ipanuke na kuwa ngumu kiasi cha kutobolewa kwa sindano miaka mingi. Vichujio vya nyuzi vilipoenea katika miaka ya 1970, muda ulipungua. Mgonjwa hakuhitaji tena kulala kutwa. Aliweza kuketi, kusoma gazeti, kuzungumza na jirani, kisha akaenda zake kazini. Hivyo kitanda kikaanza kumpisha kiti.

Lakini kuketi kuna gharama yake. Damu ni kimiminika, na kila kimiminika kilichosimama wima huwa na kanieneo iongezekayo kadiri kina kinavyoongezeka: densiti mara mvutano wa dunia mara kimo. Zebaki ni nzito kuliko damu kwa karibu mara 12.8. Kwa hiyo kimo cha damu cha milimita 300, ambacho ndicho takriban umbali wa kutoka moyoni hadi ubongoni kwa mtu aliyeketi wima, ni sawa na milimita 23 za zebaki. Shinikizo la damu likiwa na wastani wa milimita 93 za zebaki mahali penye moyo, ubongoni litakuwa 70 hivi. Hapo hapana hatari. Miguuni mambo ni kinyume. Nyayo za mtu aliyeketi ziko chini ya moyo kwa sentimita zipatazo 80, na vena za huko hubeba nyongeza ya milimita 62 za zebaki. Kuta za vena ni laini. Hutanuka, na damu nyingi hutuama humo.

Sasa mashine huanza kutoa maji. Mgonjwa ambaye hakojoi tena aweza kufika akiwa na lita 3 za ziada, alizopata katika chakula na vinywaji vya siku mbili. Maji hayo lazima yatoke kwa muda wa saa 4, yaani mililita 750 kila saa. Kwa mtu mwenye uzito wa kilo 60 hiyo ni mililita 12.5 kwa kila kilo kwa saa, karibu sana na kiwango cha 13 ambacho wataalamu wengi hawapendi kukipita. Mashine huyatoa katika damu peke yake, ilhali sehemu kubwa ya maji ya ziada iko katikati ya seli, hasa katika miguu iliyovimba. Ni lazima yaingie kwanza katika mishipa ili yapate kutolewa. Ikiwa miguu inaning'inia, kanieneo ya vena huyazuia yasirudi. Ikiwa imeinuliwa, hurudi kwa wepesi zaidi. Huu ndio msingi wa upendeleo wa wagonjwa kwa viti vyenye sehemu ya kuinulia miguu, ingawa wengi wao hueleza tu kwamba miguu haiwaumi.

Mashine ikitoa maji haraka kuliko mwili uwezavyo kuyarudisha mishipani, shinikizo huanguka. Mgonjwa hupiga miayo, hutokwa na jasho, hujisikia kichefuchefu, misuli ya ndama humkaza, na macho huona giza. Ifikiriwe kuwa wastani umeshuka hadi 60 mahali penye moyo. Kwa aliyeketi wima, ubongo hubakiwa na 37 tu; akilazwa, hupata 60 zote. Tofauti hiyo ya 23 haitokani na dawa yoyote. Imetokana na mgongo wa kiti uliolazwa kwa sekunde chache. Muuguzi huinua pia miguu, husimamisha utoaji wa maji, na pengine hurudisha maji ya chumvi kidogo mwilini. Kiti ambacho komeo lake limekwama, au kinachotegemea umeme peke yake mahali ambapo umeme hukatika, ni chombo kibovu hata kama godoro lake ni laini namna gani. Tena moyo ukisimama, kifua hakiwezi kukandamizwa ipasavyo juu ya kiti kisicholala kikawa bapa na kigumu.

Mkono nao una sheria zake. Ule wenye sindano hautakiwi kukunjwa wala kusogezwa ovyo kwa saa zote 4, na ndiyo maana mkono wa kiti hutakiwa kuwa mpana, wenye kupandishwa na kushushwa. Mwenye mshipa wa kushoto hufaidika mashine ikiwa kushoto kwake, la sivyo mirija itampitia kifuani. Na kwa kuwa damu hupoa ikitoka nje ya mwili, na maji ya mashine aghalabu huwekwa kwenye nyuzi joto 36 hivi ili kusaidia shinikizo lisishuke, wagonjwa wengi huhisi baridi na huja na shuka au kitenge. Wajifunike, ila mkono wenye sindano ubaki nje. Sindano ya kurudishia damu ikichomoka chini ya nguo bila kuonekana, kwa kasi ya mililita 300 kwa dakika lita nzima humwagika kwa zaidi kidogo ya dakika 3, na kengele ya mashine si lazima ilie kila mara.

Kwa mkulima wa alizeti wa Unyambwa, katika Manispaa ya Singida, hesabu haiishii kitini. Chukuliwe mgonjwa aliyepangiwa Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma, ambayo husafisha damu na ambako upandikizaji wa figo ulianza mwaka 2018. Kutoka Singida hadi Dodoma ni kilometa zipatazo 240. Kwenda na kurudi mara 3 kwa juma, kwa mwaka mzima, ni kilometa karibu 75,000, nazo ni karibu mara mbili ya mzunguko wa dunia kwenye ikweta. Hakuna awezaye hilo. Mgonjwa huhamia kwa ndugu aliye karibu na hospitali, na shamba hubaki kwa wengine. Yule asafiriye walau mara moja moja hutoka katika kiti kilichomwinua miguu na kuingia katika kiti cha basi, wima, miguu ikining'inia kwa saa kadhaa, wakati mwili wake umetoka kupoteza lita 2 au 3 za maji. Ni heri apumzike kwanza. Na akihisi kizunguzungu njiani, alazwe, miguu iwekwe juu ya mzigo, badala ya kushikiliwa akae wima kama ilivyo desturi ya abiria wenye huruma.

Kuna na habari ya maji. Maji yapitayo kichujioni kwa kasi ya mililita 500 kwa dakika hufikia lita 120 kwa kikao kimoja, ndoo 6 za lita 20. Maji ya visima vya sehemu nyingi za Singida yana floridi, na maziwa ya Singidani na Kindai ni ya magadi. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha floridi cha miligramu 1.5 kwa lita. Kwa maji ya kusafishia damu kikomo ni 0.2. Kwa hiyo kuweka viti katika mji fulani si kununua viti na mashine tu. Hutakiwa pia mtambo wa kusukuma maji kwa nguvu kupitia utando, kinyume cha osmosisi ya kawaida.

Wanafunzi waweza kuyahakikisha baadhi ya mambo haya bila maabara. Mmoja ainue mkono wa kulia juu ya kichwa na kuuacha wa kushoto uning'inie kwa dakika moja, kisha ailete yote miwili pamoja mbele ya kifua. Rangi ya viganja na unene wa vena za migongo ya mikono vitatofautiana waziwazi. Jaribio la pili lahitaji saa yenye mshale wa sekunde: mapigo ya moyo yahesabiwe mtu akiwa amelala chali dakika 5, kisha mara tu asimamapo. Yataongezeka, kwa kuwa nusu lita ya damu au zaidi imeshuka chini na moyo wafidia upungufu huo.

Baada ya saa 4 muuguzi huchomoa sindano, na mgonjwa hubana pamba mpaka damu ikome. Kiti huinuliwa kwa hatua, si kwa mara moja. Shinikizo hupimwa akiwa ameketi, kisha akiwa amesimama, ndipo apande mizani. Wakati huo kiti chake kimekwisha kupakwa dawa ya klorini, kwani virusi vya homa ya ini aina ya B vyaweza kuishi juu ya kitu kikavu kwa siku 7. Kwa ajili hiyo viti vya kitambaa, ambavyo wagonjwa huvipenda kwa kuwa havinati jasho, havifai, na ngozi bandia iliyopasuka ikaonyesha sifongo haina budi kubadilishwa. Muuguzi hufuta mgongo, mikono ya kiti na sehemu ya miguu, husubiri pakauke, kisha humwita mgonjwa wa zamu ya pili, ambaye amesimama mlangoni akikitazama kiti kile kile.