Les Paul ya marudio: uliza kwanza inaiga mwaka gani

Muuzaji akikuonyesha Les Paul mpya iliyotengenezwa kwa mfano wa zile za zamani, acha kwanza bei na rangi. Muulize inaiga ya mwaka gani. Akikujibu "ya miaka ya hamsini" na kuishia hapo, ujue kazi yote ya kuichunguza imebaki kwako, maana kati ya 1952 na 1960 gitaa hilo lilibadilika karibu kila mwaka, na mabadiliko hayo ndiyo yanayoamua kama litakufaa au litakuchosha.

Kampuni ya Gibson, wakati huo ikiwa Kalamazoo katika jimbo la Michigan, ilitoa gitaa hilo mwaka 1952 kwa jina la Les Paul, mpiga gitaa aliyekuwa akivuma Marekani nzima. Lilipakwa rangi ya dhahabu na kufungwa pikapu mbili za aina ya P-90. Lakini lilikuwa na tatizo kubwa kwenye daraja. Shingo iliunganishwa na mwili karibu bila mwinamo, kwa hiyo nyuzi zililazimika kupita chini ya chuma cha daraja badala ya juu yake. Mpigaji aliyezoea kulaza kiganja darajani ili kuufifisha mlio hakuwa na pa kukilaza. Haukupita muda mrefu kiwanda chenyewe kikaliacha umbo hilo.

Sasa fikiria toleo la marudio linaloiga gitaa la 1952 kwa uaminifu wote. Litakuja na usumbufu uleule. Mkusanyaji wa vitu vya kale atalisifu, na ana haki yake. Wewe unayepiga dansi usiku kucha utaliweka chini kabla ya wimbo wa tatu. Kwa maoni yangu hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea: wanachukua kufanana na la zamani kuwa ndio uzuri wa gitaa. Kabla ya kuuliza kama gitaa limefanana, uliza kama kile linachofanana nacho unakitaka.

Kwa ufupi, miaka yenyewe ni hii. Mwaka 1955 Les Paul ya dhahabu ilipata daraja la Tune-o-matic, linalokuwezesha kurekebisha urefu wa kila uzi peke yake. Mwaka 1957 zikaja pikapu zenye koili mbili, zilizobuniwa na Seth Lover ili kuondoa mvumo wa umeme uliokuwa ukisumbua P-90. Mwaka 1958 dhahabu ikapisha rangi ya wekundu unaoyeyukia kwenye manjano. Za 1959 zilipata freti pana zaidi, na mwaka 1960 shingo ikachongwa nyembamba. Kisha umbo hilo likasimamishwa, na mwaka 1961 nafasi yake ikachukuliwa na gitaa jembamba lenye pembe mbili. Umbo la awali lilirudi kiwandani mwaka 1968, baada ya wapigaji kama Mike Bloomfield na Eric Clapton kuwafanya vijana wazisake zile za zamani kila duka. Hata marudio hayo ya kwanza hayakuwa nakala kamili ya mwaka wowote.

Anza na shingo, maana pikapu unaweza kubadilisha kesho na rangi utaizoea, lakini shingo utaishi nayo. Ya 1958 ni nene na hujaa kiganjani, ya 1960 ni nyembamba, na ya 1959 iko katikati, duara laini lisilo na ncha. Usiishike kwa dakika moja ukaamua. Kaa kitini, piga akodi za kubana kidole kwenye freti ya kwanza hadi ya tano kwa muda wa wimbo mzima, kisha panda freti ya kumi na mbili na kuendelea. Mwenye mkono mdogo mara nyingi huogopa shingo nene bure: kidole gumba kikipata pa kuegemea, misuli huchoka polepole zaidi. Anayechoka kwenye shingo nyembamba huenda anabana kupita kiasi kwa kukosa kitu cha kujaza kiganja. Jaribu zote mbili siku hiyohiyo, maana kumbukumbu ya mkono hudanganya ukiacha wiki ipite.

Bado usichomeke waya. Piga kila uzi wazi ukiwa umeegemeza sehemu ya juu ya mwili wa gitaa kifuani, usikilize na uhisi mtetemo unavyopita kwenye mbao. Gitaa zuri husikika likiwa kavu, na noti hufifia polepole bila kukatika ghafla. Panda uzi mmoja mmoja, freti kwa freti. Noti moja ikifa mapema kuliko jirani zake, au ikitoa mlio wa kukwaruza, kuna freti iliyoinuka au shingo iliyopinda, na hilo ni jambo la kuzungumza na muuzaji kabla ya fedha kutoka mfukoni. Usisahau uzi wa tatu. Kwenye Les Paul ndio msumbufu kuliko wote, kwa sababu hupinda kuelekea ufunguo wake kichwani na kukwama kwenye mfereji wa kile kijiti cheupe kinachobeba nyuzi. Uvute kwa kidole kama unavyofanya katika solo, kisha usikilize kama umerudi kwenye sauti yake. Usiporudi, fundi anaweza kuupanua mfereji kidogo. Ni kazi ndogo, lakini iingize kwenye bei.

Ukichomeka, usikimbilie kufungua sauti yote. Weka amplifaya safi, bila mkwaruzo, uteremshe kitufe cha sauti cha gitaa hadi sita au saba. Katika miaka ya hamsini kitufe cha toni kiliungwa upande wa pili wa kitufe cha sauti, tofauti na utaratibu ulioenea baadaye, na matokeo yake ni kwamba unapopunguza sauti, ule ukali wa juu haupotei. Toleo linalodai kuiga miaka hiyo lakini likawa kama limefunikwa blanketi unaposhusha sauti halikuungwa kwa namna ile. Kwangu hili lina uzito kuliko jina la pikapu. Zile za zamani zenyewe hazikuwa na kipimo kimoja, kwani mashine zilizungusha waya bila hesabu kali na sumaku zilitofautiana. Ukizipima utakuta nyingi ziko kati ya kilo-omu saba na tisa. Anayekuapia kwamba pikapu yake ndiyo yenyewe hasa, muulize imefanana na ipi.

Kuna gitaa moja ambalo sauti yake ya pekee unaweza kuikagua kwa sekunde chache. Ni lile la 1959 lililokuwa la mpiga gitaa Peter Green, likaenda kwa mpigaji mwenzake Gary Moore, na sasa liko kwa mpigaji mwingine, Kirk Hammett. Sumaku ya pikapu yake ya shingoni iligeuzwa, kwa hiyo pikapu mbili zikifanya kazi pamoja hupingana, na sauti hutoka nyembamba, ya puani. Gibson ilitoa matoleo ya gitaa hilo mwaka 2023. Ukiuziwa moja, weka swichi katikati, fungua vitufe vyote viwili vya sauti hadi mwisho. Ukisikia sauti nono ya kawaida, kuna mtu amebadilisha kitu. Kisha shusha kimoja kidogo tu, uone inavyoanza kunenepa. Humo ndimo Green alimopata milio yake ya kulia.

Upande wa mbao, za miaka ya hamsini zilikuwa na mwili wa mahogani usiochimbwa ndani, wenye uso wa mbao ya maple, na nyingi zina uzito wa kilo nne hivi. Beba gitaa begani ukiwa umesimama, si kwenye mizani tu. Ubao wa vidole wa zile za kale ni rozwudi ya Brazili, mti ambao tangu 1992 uko katika orodha kali kabisa ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na kuvusha gitaa lenye mbao hiyo mpakani bila kibali ni kujitafutia kesi. Matoleo mengi ya sasa hutumia rozwudi ya India. Mpingo wetu ni ndugu wa miti hiyo, wa jamii moja ya Dalbergia, kwa hiyo asiyejua mbao asikudharaulie ubao mweusi wa mpingo ukikutana nao kwenye gitaa la fundi mzuri.

Michubuko ya kutengenezwa, vanishi iliyopasuliwa kusudi na rangi iliyofifishwa huongeza bei sana. Sioni sababu ya kuilipia. Zile za kale zilififia kwa sababu rangi nyekundu haikuhimili mwanga wa jua. Lako nalo litapata makovu yake likipigwa.

La mwisho kabla ya kulipa ni kichwa. Kimeinamishwa digrii 17 nyuma, na mbao iliyo chini yake imechimbwa kupitisha chuma cha kurekebishia shingo, hivyo hapo ndipo Les Paul huvunjika ikianguka. Marudio ya kweli yamerithi udhaifu huo. Geuza gitaa, mulika tochi kwa pembeni nyuma ya kichwa, pitisha ukucha. Ukihisi mstari, limevunjika likaungwa; linaweza kupigwa vizuri kwa miaka, lakini bei lazima ishuke sana. Ukiwa hapo angalia kifuniko kidogo kilicho juu ya chuma hicho. Gibson hukifunga kwa skrubu mbili. Ukiona tatu kwenye gitaa lenye jina la Gibson, mrudishie muuzaji gitaa lake na uondoke.